Mombasa hadi Tanga na rafiki: ya kutayarisha kabla ya kuvuka Horohoro

Kutoka Likoni hadi Tanga ni kama kilomita 170. Mtu akiondoka baada ya swala ya alfajiri, mpaka usipomchelewesha, adhuhuri itamkuta mjini Tanga. Ni safari ya wikendi, na wengi wetu tuna shangazi, binamu au rafiki wa chuoni upande wa pili. Wadigo wako kuanzia Likoni hadi Tanga, na Wasegeju wako huku na kule. Mstari unaotugawa ulichorwa mwaka 1886 na Waingereza na Wajerumani, ukianzia mdomo wa mto Umba karibu na Vanga, na wenyeji hawakuulizwa.

Undugu huo ndio unaotudanganya. Tunaona ni kwetu, tunaingia garini kama tunaokwenda Msambweni, kisha mpakani mmoja anaambiwa karatasi zake hazitoshi. Safari ya wawili hufika pale inapofika karatasi ya yule aliyejitayarisha kidogo. Huwezi kumwacha mwenzio Lunga Lunga ukaenda kula biriani. Kwa hivyo makala haya yanaanza na karatasi, kisha barabara, kisha Tanga yenyewe.

Hati za msafiri

Kipande cha Kenya peke yake hakitoshi kuingia Tanzania. Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa kitambulisho, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Unahitaji pasipoti, au hati ya muda ya kusafiria inayotolewa na Idara ya Uhamiaji. Mwenye kipande anaweza kuiomba hati ya muda, lakini aulize ofisi ya uhamiaji siku kadhaa kabla, asingoje kubahatisha mpakani. Raia wa Kenya halipi viza. Hati ikishagongwa muhuri, soma siku ulizoandikiwa hapo hapo dirishani.

Pili, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Kenya imo kwenye orodha ya nchi zenye ugonjwa huo, na Tanzania hukitaka kwa wanaotoka kwetu. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hivyo kuchanjwa Ijumaa ili usafiri Jumamosi hakukusaidii. Jambo jema ni kwamba tangu 2016 cheti hiki ni cha maisha, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka kumi. Kama ulichanjwa ukienda Hijja au kazini Ghuba, tafuta kadi yako kabatini.

Karatasi za gari

Gari likiwa lako, beba logbook halisi. Likiwa la shemeji au la rafiki asiyesafiri nanyi, mwenyewe aandike barua ya idhini iliyotiwa muhuri na wakili, itaje nchi mnayokwenda, tarehe, na majina ya madereva wote wawili. Mmoja akiugua Tanga, mwingine arudishe gari bila maswali. Likiwa lingali na deni la benki, benki nayo itoe barua yake. Hapa ndipo safari nyingi hukwama, maana gari la kuazima huonekana ni jambo la nyumbani, na kwa afisa wa forodha ni gari ambalo mwenyewe hayupo.

Bima yako ya Kenya haivuki mpaka. Omba kampuni yako ya bima ikupe kadi ya njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitambua. Angalia usichanganye: kuna kadi mbili za njano, ya chanjo ni ya mwili wako na ya COMESA ni ya gari. Kuwa na moja hakukuondolei nyingine.

Mpakani utapewa kibali cha muda cha gari kutoka forodha ya Tanzania, chenye tarehe ya mwisho na ada yake. Lipa kwenye dirisha rasmi au benki, uchukue risiti. Usimpe pesa kijana anayekukimbilia nje akisema atakumalizia. Ndani ya gari kuwe na pembetatu mbili za tahadhari na mtungi wa kuzimia moto ambao haujapitwa na wakati.

Asiye na gari asivunjike moyo. Mabasi ya Mombasa kwenda Dar es Salaam hupitia Tanga. Pia unaweza kupanda matatu hadi Lunga Lunga, ukavuka, ukachukua daladala upande wa pili.

Mpaka wenyewe

Siku hizi mnaweza kupita daraja la Mteza kupitia barabara ya Dongo Kundu, mkaepuka foleni ya feri, mkaingia barabara ya Lunga Lunga moja kwa moja.

Lunga Lunga na Horohoro ni kituo cha pamoja. Ukitoka Kenya, maafisa wa nchi zote mbili utawakuta upande wa Horohoro. Ukirudi, utawakuta Lunga Lunga. Anza na salamu. Kwa wenzetu wa Tanga salamu haina haraka, na shikamoo kwa mkubwa hufungua mazungumzo kuliko kuuliza dirisha liko wapi.

Mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa uacheni nyumbani. Kenya ilipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania ikafuata Juni 2019.

Sasa jambo linaloweza kuwafikisha wawili mahakamani: miraa na muguka. Huku kwetu watu wanabishana iuzwe au isiuzwe, lakini Tanzania hakuna mjadala. Mirungi, kama wanavyoiita, imo kwenye sheria ya dawa za kulevya, na kesi yake ni ya jela. Rafiki yako huenda hana nia mbaya, alitafuna juzi na kifurushi kikabaki chini ya kiti. Likikamatwa gari, anayeulizwa kwanza ni dereva. Kagueni gari pamoja, chini ya viti na mifuko ya milango, kabla hamjatoka Mombasa. Kumkagua rafiki si kumshuku.

Wapo watakaowaambia kuna njia ya panya, bodaboda wanaijua, dakika kumi mmevuka. Muulize huyo atarudije. Aliyeingia bila muhuri hana cha kuonyesha akisimamishwa Tanga, akilazwa hospitali, au akigongwa na gari. Kosa la kukosa muhuri mmoja huwa kosa la kuingia nchi ya watu kinyume cha sheria.

Barabara na pesa

Kutoka Horohoro hadi Tanga ni kilomita 65 za lami nzuri, na lami nzuri ndiyo mtego. Kwenye vijiji mwendo ni 50 kwa saa, na askari wa usalama barabarani wapo kweli. Makosa mengi faini yake ni shilingi 30,000 za Tanzania, na hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Usimpe mtu pesa mkononi. Omba namba, ulipe, uendelee. Leseni beba halisi, si picha kwenye simu.

Shilingi moja ya Kenya hukaribia 20 za Tanzania, ila bei hubadilika, kwa hivyo itazame asubuhi ya safari. Wabadilishaji wa mpakani wana maneno matamu na vidole vyepesi. Hesabu mwenyewe kabla hujatoa zako. Tangu 2025 Tanzania inataka biashara za ndani zifanywe kwa shilingi yake, basi usitarajie muuza duka apokee noti ya Kenya.

Mkifika

Mapango ya Amboni yako kilomita 8 hivi kabla ya mji, kando ya barabara hiyo hiyo mnayojia. Simameni hapo kwanza, mkiwa na viatu vya kukamata. Ni mapango ya chokaa, na mnaingia na kiongozi mwenye tochi.

Mjini kuna boma la zamani la Wajerumani lililo makumbusho ya Urithi, na upepo wa Raskazone jioni. Kusini, kwenye barabara ya Pangani, yapo magofu ya Tongoni: msikiti na makaburi ya nguzo, ndugu wa yale ya Gede na Mnarani kwa namna yalivyojengwa. Na anayependa lugha akumbuke kwamba Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na mji huu, mwaka 1909. Utaomba stima, utajibiwa umeme. Utatafuta matatu, utaonyeshwa daladala. Mengine yote mtaelewana.

Usiku wa kuamkia safari

Kaeni pamoja, kila mmoja amtolee mwenzake karatasi zake azisome: pasipoti au hati ya muda, cheti cha chanjo, leseni. Kisha za gari: logbook, barua ya mwenyewe, kadi ya COMESA. Ikikosekana moja, ahirisheni wiki mbili, na muahirishe wote wawili. Tanga haihami, na rafiki aliyesubiriwa hatasahau.