Ramani Mbili za Chepkitale

Nilifundisha jiografia Cheptais hadi nikastaafu. Kwenye ramani ya darasani Mlima Elgon ulikuwa baka la kijani na namba moja, mita 4,321. Watoto waliotoka juu, Chepkitale, walilicheka baka lile, kwa maana majina ya mito na mapango waliyoyajua yangemaliza kipindi kizima.

Wazee wa Kiogiek, wenyeji wa huko juu, hawakuhitaji karatasi. Kila ukoo ulikuwa na eneo lake, na mpaka ulifuata mto, pango au mti wenye mzinga. Mizinga ilichongwa kwa magogo ikapandishwa mitini, na kila mmoja ulijulikana ni wa nani. Mapango yaliwasitiri watu na ng'ombe. Joseph Thomson, Mskoti aliyepita hapa mwaka 1883, aliyakuta yakikaliwa. Asali ilishuka kwetu, nafaka ikapanda kwao.

Kisha serikali zikaanza kuchora. Nyanda za Trans Nzoia waligawiwa walowezi, na reli ikafika Kitale mwaka 1926. Mlima nao ukamegwa: mwaka 1968 sehemu yake ikawa mbuga ya taifa, na Juni 2000 Chepkitale yenyewe ikatangazwa hifadhi ya wanyama bila ridhaa ya waliokuwa wakiishi humo.

Sasa tazama kalenda. Mei 2000, Marekani iliacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya setilaiti zake za GPS. Kabla ya hapo kifaa cha raia kingeweza kukosea kwa mita 100. Baada ya hapo kosa likashuka hadi mita chache. Mwezi mmoja tu ukatenganisha mambo hayo mawili: mstari uliowafungia Waogiek mlima, na chombo ambacho wangekuja kukitumia kujichorea wa kwao.

Chombo kilichelewa kufika huku. Kilipofika, Waogiek, kupitia shirika lao la CIPDP, walizunguka nacho msituni: mzee akitaja jina la mahali, kijana anabonyeza. Sheria za mababu kuhusu msitu nazo zikaandikwa, na kuchoma makaa kukapigwa marufuku na wenye msitu wenyewe. Mimi naona hapo ndipo teknolojia ilipoonyesha faida yake. Picha za Landsat zimekuwa bure tangu 2008, na zitakuonyesha msitu ulipokatwa. Lakini hazitakuambia mti uliosalia ulikuwa na mzinga wa nani.

Mstari ule wa serikali nao walikwenda kuupinga mahakamani, na Septemba 2022 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Bungoma iliwapa ushindi Waogiek wa Chepkitale katika kesi hiyo ya ardhi yao.

Siku hizi nawaona vijana wetu wakirudi kutoka mlimani na simu zilizojaa picha za mapango yasiyo na majina. Wanangu, mtafuteni mzee ambaye miguu yake bado inapanda, mwende naye. Andikeni jina kama anavyolitamka. Na kabla hamjaliweka mtandaoni, uombeni ruhusa ukoo wenye mahali pale.