Aliyepona Anarudi Wapi?

Nwibe ana mali, ana wake wawili, na amebakiza kidogo tu aingie katika daraja la ozo, heshima kubwa miongoni mwa Waigbo. Siku ya gulio anapita mtoni kuoga. Kichaa anayezurura kati ya masoko mawili anafika, anaiokota nguo ya Nwibe, anajifunga na kushika njia. Nwibe anachomoka majini uchi na kumfukuza huku akipiga kelele. Wapita njia wanaona nini? Wa mbele amevaa. Wa nyuma yu uchi na anafoka. Nani kichaa hapo, mtu anahitaji kuuliza?

Ndivyo Chinua Achebe alivyoisuka hadithi yake fupi ya mwendawazimu, iliyomo katika mkusanyiko wa *Girls at War* (1972). Kosa halikomei kwenye macho ya watu. Nwibe anaingia sokoni vilevile alivyo, na soko lina wenyewe wasioonekana; aliyeingia humo uchi wamekwisha kumchukua. Mganga maarufu anakataa kumgusa. Wa pili, asiye na jina kubwa, anakubali, anamtuliza, na sifa zake zinavuma kwa kumponya mtu ambaye alipotoka mtoni alikuwa na hasira tu. Baadaye Nwibe, mzima kabisa, anawaendea wazee wa ozo kupeleleza kama bado ana nafasi. Hawamfukuzi wala hawamtukani. Wanampokea kwa adabu, kisha wanageuza mazungumzo.

Adabu hiyo tunaijua. Tanzania mtu akitoka Mirembe, Kenya akitoka Mathari, jina la hospitali ya wagonjwa wa akili linamfuata nyumbani: akicheka sana ni Mirembe, akinyamaza ni Mirembe. Posa inaahirishwa, kazi inapewa mwingine, na hakuna anayemwambia sababu.

Katika hadithi ya Nikolai Gogol ya mwaka 1835, suala la kurudi halipo kabisa. Karani Poprishchin, mchonga kalamu za mkurugenzi huko Petersburg, anampenda binti wa bosi, anaamini mbwa wanaandikiana barua, na mwishowe anajitambua kuwa mfalme wa Hispania. Shajara yake inafika Aprili 43 ya mwaka 2000. Anaikata sare yake mpya ajishonee joho la kifalme. Wanakuja kumchukua, naye anadhani ni wajumbe wa ufalme wake. Kumbe anapelekwa kwenye fimbo na maji baridi ya kichwani. Hakuna hata mmoja anayemjibu alichosema. Dawa yake ni kipigo.

Lu Xun wa China aliazima jina la hadithi hiyo mwaka 1918, lakini akaongeza dibaji fupi ambayo kwangu ndiyo moyo wa kazi nzima. Shajara inasimuliwa na kijana anayeamini kwamba kijiji kizima, kaka yake akiwemo, kinapanga kumla. Daktari akimpima mapigo ya mkono, yeye anaona anapimwa unono. Lakini dibaji imeshatwambia mwisho: mgonjwa amepona na amekwenda kungoja kazi ya serikali, na kaka yake anatoa madaftari hayo huku akicheka. Basi huyu amerudi, na cheo kinamngoja. Nauli ya kurudi ilikuwa kukubali kwamba yote aliyoyaona, pamoja na ukatili wa kweli aliousoma katika historia ya watu wake, yalikuwa ugonjwa tu.

Pwani yetu ina njia nyingine. Mwanamke wa Unguja au Mombasa anaanza kukaa peke yake, halali, anatupa vyungu, anamjibu mumewe kwa sauti isiyo yake. Jamaa wanamleta fundi wa pepo. Ubani unafukizwa, ngoma inapigwa, pepo anapanda kichwani, na hapo linaulizwa swali ambalo Poprishchin hakuulizwa na yeyote: wewe nani, na wataka nini? Kisha watu wanangoja jibu. Pepo anataja jina, kabila na masharti yake: kanga fulani, pete, marashi, chano cha vyakula. Mume analipa. Simaanishi kwamba kupungwa kunatibu kila maradhi. Wapo waliocheleweshwa dawa kwa sababu ya ngoma, na wapo waliofungwa minyororo kwa waganga. Nasema juu ya kurudi. Anayepungwa si kila mara anaondolewa pepo. Mara nyingi anapatanishwa naye, anaingia katika chama cha wenye pepo, na akikomaa huenda akawa fundi wa kuwapunga wenziwe. Alichougua kinakuwa sifa ya kazi. Wazee wa ozo wasingemwelewa.

Lakini sikiliza jamaa wanavyosimulia siku ya pili. Hawasemi bibi huyu alichoka kunyanyaswa akadai kanga. Wanasema pepo kadai, na mawifi wanaitikia. Mume aliyelipa usiku kucha hajamwomba radhi mkewe kwa lolote, kwa kuwa aliyezungumza naye hakuwa mkewe. Kesho akidai kitu kwa sauti yake mwenyewe, ataambiwa ana makelele.