Vinasaba na ubora wa nyama ya ng'ombe (nyanda za kati za Tanzania)

Uhusiano kati ya tofauti za kurithi za ng'ombe na sifa za nyama yake: ulaini, rangi, majimaji, na mafuta yaliyosambaa ndani ya msuli. Makala hii inahusu ng'ombe wa Dodoma, kuanzia mazizi ya Wagogo hadi Mtumba, kata ulipojengwa Mji wa Serikali, ambako Wizara ya Mifugo na Uvuvi ina makao yake.

Wafugaji wengi wa hapa wana Zebu wa Pembe Fupi wa Tanzania, na ng'ombe wa Ugogo ni mojawapo ya matawi yake. Ana nundu, umbo dogo, na uwezo mkubwa wa kuvumilia kupe, kiangazi kirefu na safari za kwenda kunywa maji. Vizazi vingi vya wafugaji vilimchagua anayebaki hai mwaka wa njaa, si anayejaza mnofu. Kumhukumu kwa ugumu wa nyama yake pasipo kukumbuka hilo ni kumwonea. DNA ya mitokondria, inayorithiwa kwa mama, inaonyesha kwamba zebu wa Afrika walizaliwa na majike wasio na nundu waliopandwa na madume wenye asili ya Asia. Kwa hiyo damu yao ni mchanganyiko tangu zamani.

Jeni mbili zimechunguzwa sana kuhusu ulaini. Ya kalpaini iko kwenye kromosomu ya 29, na ya kalpastatini kwenye ya 7. Kalpaini ni kimeng'enya kinachokata protini za msuli mnyama akishachinjwa, kalpastatini hukizuia. Zebu, kwa wastani, wana kalpastatini yenye nguvu kuliko ng'ombe wa Ulaya kama Angus na Hereford, na hapo ndipo penye sehemu ya ugumu unaolalamikiwa. Mafuta ya ndani ya msuli, kwa kawaida, hurithiwa kwa kiwango kikubwa kuliko ulaini.

Lakini kalpaini huhitaji siku kadhaa katika baridi, mara nyingi wiki moja hadi mbili. Nyama nyingi ya Dodoma huchinjwa alfajiri, huning'inizwa buchani asubuhi, na jioni iko juu ya mkaa. Katika muda huo mfupi hata jeni nzuri haifanyi kazi yake. Tena maksai wengi hufikishwa mnadani wakiwa wazee, kolajeni ya misuli yao imekwisha kukaza. Kwa sababu hiyo, unenepeshaji wa madume wachanga na chumba cha baridi vinapaswa kutangulia, au angalau kwenda pamoja na, ununuzi wa mbegu za kigeni.

Jaribio kubwa la kuchanganya damu lilifanyika Mpwapwa, kwenye kituo cha mifugo kilichoanzishwa na Wajerumani mwaka 1905. Huko zebu walichanganywa na Sahiwal na Red Sindhi kutoka Bara Hindi, Boran, na damu kidogo ya Ulaya. Mwaka 1958 uzao huo ulitambuliwa kuwa mbari ya Mpwapwa, ya maziwa na nyama. Kongwa, palipokuwa na mradi wa karanga ulioshindwa wa miaka ya 1947 hadi 1951, ilikuja kuwa ranchi ya Boran, sasa chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa (NARCO).

Mbari ya Mpwapwa imebaki na ng'ombe wachache, na Taasisi ya Utafiti wa Mifugo Tanzania (TALIRI) bado inaitunza Mpwapwa kwenyewe.