Shimo nalo lihesabiwe

Sisi wa mjini tunaijua changarawe inaposhushwa na lori. Tunabishana bei, tunalipa, yakaisha. Shimo ilikotoka tunawaachia watu wa huko. Wiki hii nazungumzia shimo hilo.

Twendeni Chita, katika Bonde la Kilombero, chini ya milima ya Udzungwa. Hapo vijito hushuka kwa kasi vikibeba mawe na mchanga, na wakati wa masika mto Kilombero hufurika na kutandaa bondeni. Changarawe hupatikana palepale maji yanapopita. Kwa hiyo anayechimba huko hushughulika na maji kwanza, mawe baadaye.

Uchimbaji mkubwa ulikuja na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa Oktoba 1970 na kukamilika mwaka 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Katika bonde la mafuriko reli hailazwi juu ya tope. Hujengewa tuta, na tuta hutaka kifusi, ambacho huchimbwa jirani ili kupunguza gharama. Baada ya reli zikaja barabara, zahanati na madarasa. Kila ujenzi ulihesabu kifusi ulichohitaji. Shimo lililobaki lilihesabiwa mara chache.

Hasara yake inajulikana vizuri Ifakara, ambako watafiti kutoka Uswisi walifungua maabara mwaka 1957 na ambako malaria imechunguzwa kwa miongo mingi. Mbu wa malaria hupenda kuzalia katika maji yaliyotuama, ya kina kifupi, yanayopigwa na jua. Machimbo yaliyotelekezwa ndiyo hayo. Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe. Kwa changarawe sivyo: mchimbaji huondoka na lori lake, anayeingia ni mtoto wa jirani.

Je, shimo laweza kurudishiwa uhai? Laweza. Mwaka 1971, reli ikiwa bado inajengwa Kilombero, Rene Haller alianza kupanda miti katika machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa. Palikuwa mwamba mtupu, na maji ya chumvi yalikuwa karibu chini yake. Alijaribu aina 26 za miti, zikastahimili tatu, mvinje ukiwa mmojawapo. Majani ya mivinje hayakuoza, akaleta jongoo wayatafune. Taratibu udongo ukapatikana. Leo ni msitu na bustani ya wanyama inayotembelewa na watu wengi.

Chita haihitaji miujiza hiyo, kwa sababu udongo upo. Kinachotakiwa ni utaratibu. Udongo wa juu uondolewe kwanza na kuwekwa pembeni. Mtaro uchimbwe upande wa mlimani ili maji ya mvua yalizunguke shimo. Maji ya tope yapite katika bwawa la kutulia kabla ya kuingia kijitoni. Kazi ikiisha, kingo zilazwe, sakafu ipewe mteremko, udongo urudishwe, miti ipandwe. Kama shimo haliwezi kukaushwa, lifanywe bwawa moja la kina lenye samaki, si madimbwi ishirini. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni.

Tatizo ni nani alipe. Maoni yangu ni kwamba gharama ya kufunga shimo iandikwe ndani ya mkataba wa barabara tangu siku ya kwanza, na mkandarasi asipewe malipo ya mwisho mpaka machimbo yakaguliwe. Na ukaguzi huo ufanyike masika. Kiangazi kila shimo huonekana kavu, na kila mkandarasi huonekana amemaliza kazi.