Bomba la Melrose Park

Maziwa ya mchuuzi wa baiskeli tunayachemsha mpaka yafurike jikoni. Ya pakiti tunakata kona tu na kunywa, eti kiwanda kimeshamaliza kazi. Wenzetu wa Chicago nao waliamini hivyo mwaka 1985.

Machi na Aprili mwaka huo watu wa jimbo la Illinois walishikwa na kuharisha, homa na matumbo kusokota. Maabara zilithibitisha wagonjwa zaidi ya 16,000. Makadirio ya baadaye, we acha tu: moja watu 168,791, jingine 197,581. Chanzo kilikuwa maziwa yaliyokwisha kupitishwa motoni, ya chapa mbili, yote kutoka kiwanda kimoja cha Hillfarm, huko Melrose Park.

Mdudu mwenyewe aliitwa salmonela, na huyu alikuwa sugu. Jinsi alivyozigomea dawa ilikuwa adimu, hivyo wataalamu walimtambua kama mwizi mwenye kovu usoni. Walipofukua sampuli za zamani maabara wakamkuta humo: miezi kumi nyuma alikwishaugua watu, makundi madogo madogo, bila kelele. Ikaonekana kwamba alihamia kiwandani kabisa, akawa anayavamia maziwa baada ya moto. Moto haukuwa na kosa. Kilichoshukiwa ni mabomba, mahali ambapo maziwa mabichi yangeweza kukutana na yaliyopikwa. Aprili kiwanda kikafungwa.

Lakini mimi kilichoninyima usingizi si bomba. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1987 ulionyesha kuwa waliomeza antibaiotiki kabla ya kuugua ndio walioshikwa zaidi. Yaani mtu kameza vidonge vya koo lake, dawa imeua vijidudu wema wanaolinda tumbo, halafu sugu anaingia na glasi ya maziwa, anakuta nyumba haina mlinzi. Dawa ile ile haimuui!

Na si kwamba hatukuambiwa. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya mwaka 1945, akipokea Tuzo ya Nobel, kwamba dozi ndogo huwafundisha vijidudu ukaidi. Mwaka 1969 kamati ya Swann huko Uingereza ikaonya juu ya dawa hizo kuchanganywa kwenye chakula cha mifugo.

Mtaani kwetu bado unaweza kununua kapsuli nne za amoksilini bila cheti cha daktari. Nne tu, kulingana na mfuko wako.