Mzigo wa Papa, Mzigo wa Pamba

Shangazi yangu ana kisanduku cha bati alichorithi kwa mama yake. Ndani yake mna barua saba za marehemu babu, alizokuwa akiwaandikia watu wake wa Mombasa kila safari zilipomweka Lamu. Zimeandikwa kwa Kiswahili, lakini hati yake ni ya Kiarabu, kama walivyoandika wazee wengi wa pwani waliosoma chuoni na wasitie mguu skuli. Wadudu walikuwa wameanza kuzila pembeni. Shangazi akaniita, akaniambia, "Mwanangu, wewe una kompyuta. Zinakili hizi kabla hazijawa unga."

Mimi niliiona kazi nyepesi. Nitasoma, nitapiga chapa kwa herufi za Kirumi, na wajukuu wote watafaidi. Barua ya kwanza ilikwenda vizuri. Ya pili, ya mwezi wa Rajabu 1368, yaani mwaka 1949, ikanikwamisha. Babu anasema amempa nahodha mzigo mmoja alete nyumbani. Mzigo wa nini? Ameandika be yenye fataha, alifu, kisha be nyingine yenye fataha. Basi.

Aliyesoma herufi za Kiarabu atasema hiyo ni "baba". Lakini nani atamtia baba yake katika mzigo? Kiarabu hakina herufi ya p, na wazee wetu waliitumia be mahali pa b na mahali pa p. Tena aghalabu hawakuiandika m inayotangulia b. Waliiacha msomaji aitie mwenyewe. Kwa hiyo herufi zile zile huweza kusomwa baba, papa, bamba au pamba. Shangazi anashikilia kuwa ni papa mkavu, na harufu yake anaikumbuka hadi leo. Ami yangu anaapa kuwa ni pamba, kwani magodoro yaliyoshonwa mwaka ule ameyalalia yeye. Wote wawili walikuwa watoto, na wa kuwaamua hayupo tena duniani.

Hapo ndipo nilipotambua nililokuwa nikilifanya. Kuandika kwa Kirumi kulinilazimisha kuchagua. Nikiandika "papa", nimemtia babu maneno kinywani, na mjukuu atakayesoma hatajua kabisa kwamba palikuwa na shaka. Amana haitaki kuongezwa wala kupunguzwa. Nikaona sina budi kuinakili barua kwa hati yake yenyewe, na kwa hilo kompyuta yangu ilipaswa kufunzwa Kiarabu.

Kufunza mashine Kiarabu ni kisa kirefu. Herufi ni 28, lakini nyingi zina sura nne: ya peke yake, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Kalamu haioni taabu kwa hilo, ila taipureta yenye vitufe vya kuhesabika huona. Selim Haddad, mtu wa asili ya Sham, alipata hataza ya taipureta ya Kiarabu nchini Marekani mwaka 1899. Hila yake ilikuwa kupunguza sura, moja itumike mwanzoni na katikati, nyingine mwishoni na peke yake. Mpiga chapa ndiye aliyepaswa kukumbuka, kwa kila herufi, agonge sura ipi.

Kompyuta iligeuza jambo hilo. Mwaka 1982 shirika la viwango la nchi za Kiarabu lilitoa orodha iliyoitwa ASMO 449, ambamo kila herufi ilipewa namba moja tu, bila kujali sura. Mtu anagonga be. Mashine yenyewe inatazama jirani wa kulia na wa kushoto, kisha inachora sura inayofaa. Mwaka huo huo, huko Kuwait, Mohammed Al-Sharekh alianzisha kampuni ya Sakhr, ambayo kompyuta zake ziliwafundisha watoto wengi wa Kiarabu kugonga lugha yao. Mwaka 1991 ikatoka Unicode, orodha inayokusudia kukusanya herufi za lugha zote, na Kiarabu kilikuwamo tangu toleo la kwanza. Hata hivyo, kwa miaka mingi aliyetaka Kiarabu katika Windows alihitaji kununua toleo maalumu. Tangu Windows 2000 mashine moja huweza kubeba hati zote. Kinachobaki ni kuiamsha.

Kuiamsha hakukunichukua hata robo saa. Nilifungua mipangilio ya lugha, nikaongeza Kiarabu na kibodi yake. Tangu hapo nikibonyeza Alt na Shift ya kushoto kwa pamoja, natoka Kirumi naingia Kiarabu, na nikirudia narudi. Nikibonyeza Ctrl na Shift za upande wa kulia, mstari unaanza kulia kama inavyostahiki. Vitufe vyangu havikuwa na maandishi ya Kiarabu, basi nikachora ramani kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Be ipo kwenye F, alifu kwenye H, lamu kwenye G, na lamu-alifu ina kitufe chake, B. Fataha hupatikana kwa Shift na Q, dhuma kwa Shift na E, kasra kwa Shift na A. Nikawa mtoto wa chuoni tena, alifu kwa kijiti, be kwa kitone, nikitafuta kila herufi kwa kidole kimoja.

Nilipofika kwenye lile neno, nikagonga F, fataha, H, F, fataha. Likasimama kwenye kioo kama alivyoliandika babu, na shaka yake yote.

Jambo la ajabu ni hili. Kabla ya hapo nilikuwa nikiilaumu kibodi ile kwa kukosa p, ch na g. Kwa mwenye kuandika Kiswahili kipya hilo ni pungufu la kweli, wala si sisi wa kwanza kulihisi. Mwalimu Sikujua wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1890, alitia alama za ziada ili sauti zetu zitofautike. Mwaka 1997 Sheikh Yahya Ali Omar, naye mzaliwa wa Mombasa, akishirikiana na P. J. L. Frankl, alichapisha mapendekezo ya hati ya Kiarabu inayokifaa Kiswahili. Herufi zenyewe hazikukosekana katika Unicode. Waajemi wana p, ch na g zao, na kibodi ya Kiajemi inazo. Nami nimeiongeza, naitumia ninapoandika yangu mwenyewe. Lakini kwa barua za babu, kibodi ile pungufu ndiyo iliyokuwa aminifu, maana haikuniruhusu kuweka ambacho yeye hakukiweka.

Barua zote saba nilizichapisha kwa herufi kubwa, nikampelekea shangazi. Chini ya kila moja nimeweka usomaji wangu kwa Kirumi, na penye shaka nimeandika maneno yote mawili. Alivaa miwani, akasoma taratibu kwa kidole, akafika pale. "Papa," akasema, bila kutazama chini. Nikampa ami. Akasoma, akatikisa kichwa, akasema, "Pamba."

Wakatazamana, wakacheka. Nami nikashukuru kwamba sikuwanyima ubishi wao.