Bendera Zilizopita Kwihara

Misafara ya pembe za ndovu ilifika hapa Kwihara, karibu na Tabora, ikitanguliwa na bendera nyekundu tupu ya Sultani wa Zanzibar, wa ukoo wa Busaidi. Mwaka 1871 mpelelezi Stanley alikuja na ya Marekani.

Mwaka 1890 Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alipandisha Tabora bendera yao: nyeusi na nyeupe za Prussia, ufalme wa ukoo wa Hohenzollern, pamoja na nyekundu. Mtemi Isike wa Unyanyembe hakuikubali. Mwaka 1893, ngome yake ilipovamiwa, alijilipua kwa baruti.

Tai, nembo ya Kaizari wa Ujerumani, alidumu hadi 1916, mwaka alipogongwa kwenye sarafu za dhahabu zilizotengenezwa Tabora. Upande wa pili yupo tembo, ambaye pembe zake ndizo zilizoitajirisha njia ya misafara. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji waliuteka mji.